Nani Atatufungulia Njia ya Pwani?

Mkutano wa mtaa wetu hapa Mbweni ulifanyika Jumamosi asubuhi chini ya mwembe. Viti vya plastiki vilikuwa vichache. Kina mama wakatandika kanga, vijana wakakaa juu ya bodaboda zao. Tulikuwa watu kama sitini, katika mtaa ambao ungeweza kujaza uwanja wa mpira. Wanaoishi nyuma ya mageti makubwa huwa hawaji. Wakijitahidi sana humtuma kijana wa bustani akasikilize, arudi na habari. Mwenyekiti akasoma ajenda: ulinzi shirikishi, taka, mapato na matumizi, mengineyo. Ukitaka kujua mtaa una nini rohoni, subiri mengineyo.

Bibi mmoja mzaliwa wa hapa, aliyekuwa kimya tangu dua ya kufungulia, aliomba nafasi. Akasimama na mkongojo wake, akatusalimu, tukamwitikia. Alisema njia waliyopita tangu utotoni kwenda pwani, kununua samaki wa asubuhi na kuchokoa pweza maji yakitoka, sasa ina ukuta. Hakumtaja mwenye ukuta. Aliuliza tu: "Mwanangu mwenyekiti, nani mwenye uwezo wa kutufungulia njia ya pwani?"

"Bibi, mimi uwezo huo sina. Nitalipeleka juu."

"Juu kwa nani?"

Mwenyekiti, mtu muungwana, akahesabu kwa vidole: mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata, diwani, mkurugenzi wa manispaa, mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa, na kwa kuwa ni habari ya ufukwe, huenda na wizara.

"Katika hao wote," bibi akasema, "sisi tulimpigia kura nani?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mwenyekiti akakunja vidole vyake, akabakiza kimoja cha diwani, kisha akajigusa kifuani.

Swali hilo linanihusu zaidi ya ninavyopenda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Ardhi ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, na Mbweni ikawa miongoni mwa maeneo ya mradi. Mimi ni mmoja wa wageni waliokuja na mradi ule. Palipo na sebule yangu palikuwa na minazi na mikorosho ya watu wa kina bibi. Walilipwa fidia, wakasogea. Hakuna aliyewaitisha chini ya mwembe kuwauliza ramani ikae vipi na njia zao zipite wapi.

Tunapozungumzia serikali zilizo karibu na wananchi, huwa tunauliza jambo moja: zilipigiwa kura au hazikupigiwa? Ni swali la haki, na silidharau. Lakini bibi anataka zaidi. Anamtafuta mtu mmoja ambaye amemchagua yeye, mwenye uwezo mkononi, na anayeweza kuulizwa uso kwa uso akajibu. Pwani hii imewahi kuwa na viongozi wa namna nyingi, na majirani zetu wa Kenya, Zanzibar na Uganda wamejaribu namna zao. Nimejaribu kuwaweka pamoja nione ni wapi sifa hizo tatu ziliwahi kukutana.

Nianze na neno lenyewe, diwani. Lilitoka Uajemi, likapitia kwa Waarabu, na lilibeba mizigo mingi: daftari la serikali, baraza la watawala, mkusanyo wa mashairi. Waswahili hawakuutupa hata mzigo mmoja. Kabla ya Wajerumani, katika Mrima, yaani pwani hii inayotazamana na Unguja, diwani alikuwa mkubwa wa mji, na jina lake jingine lilikuwa jumbe. Chini yake na kando yake walikuwapo shaha, waziri, amiri na mwinyi mkuu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliziandika mila hizo akiwa anazijua kwa macho yake, na Carl Velten akazichapisha Ujerumani mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli.

Kinachonivutia katika habari za majumbe ni namna mtu alivyoupata ukubwa. Nasaba ilihitajika, lakini nasaba haikutosha. Aliyetaka ujumbe alitoa ada kwa wakubwa waliomtangulia, akachinja, akapika, akaulisha mji. Ngoma zilipigwa, siwa ikalia, ndipo akavikwa kilemba. Mji mzima ulikuwa shahidi, kwa maana ulikuwa umekula. Baada ya hapo ada nazo zilimrudia yeye, na yeye akatarajiwa kuendelea kutoa: wageni wafikie kwake, misiba ipite kwake, ugomvi uamuliwe barazani kwake. Jumbe mwenye mkono wa birika alikuwa na kilemba kichwani na hana mji.

Sisemi kwamba hiyo ilikuwa demokrasia. Watumwa walibeba kuni za karamu ile na hawakuulizwa kitu. Watu wa bara waliohamia mjini iliwabidi wapiganie nafasi hata ya kucheza ngoma pamoja na waungwana. Wanawake walikuwa na ukubwa wao katika ngoma na unyago, lakini barazani sauti ilikuwa ya wanaume. Pia ni kweli kwamba karamu huweza kununua watu, na anayeijua pilau ya wakati wa kampeni hahitaji kuelezwa. Hata hivyo ndani ya mila ile kulikuwa na kitu tulichokipoteza. Ukubwa ulitolewa na watu wa mahali pale, mbele ya macho yao, na aliyeupewa aliishi palepale, hatua chache kutoka kwa waliomtambua. Lamu nako waliweka utaratibu wao: pande mbili za mji, Zena na Suudi, zilipokezana uongozi, kila upande ukijua kwamba leo unatawala na kesho utatawaliwa. Katika miji ya Wahadimu wa Unguja mambo ya mji yalikuwa mikononi mwa wazee walioitwa watu wanne.

Majumbe wa Mrima walionyesha mwaka 1888 walivyouelewa ukubwa wao. Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, na mwezi Agosti maofisa wa kampuni wakateremka Pangani, Bagamoyo na kwingineko kupandisha bendera. Pwani ikawaka moto. Tunamkumbuka Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, na sababu zao zilikuwa nyingi, biashara na watumwa zikiwamo. Lakini moja ilikuwa hii: mji ulikuwa umetolewa na mtu aliyeko ng'ambo ya bahari, bila wenye mji kuulizwa.

Waliposhindwa, jina la jumbe lilibaki ila maana ikageuzwa. Wajerumani waliuchukua utaratibu wa liwali na akida waliourithi kwa Sultani, wakaupanua, wakawapeleka maakida hadi kwa watu wasiowajua. Jumbe akawa mtu wa chini kabisa katika ngazi hiyo, akipokea amri na kuhesabu kodi. Mashamba ya pamba ya lazima yalipoanzishwa, ambayo ni miongoni mwa vyanzo vya vita ya Maji Maji mwaka 1905, yeye ndiye aliyesimamia watu watoke kulima. Aliyepewa kilemba kwa kulisha watu akawa analipwa kwa kuwalimisha. Nadhani hapo ndipo neno "juu", kama mwenyekiti wetu alivyolitumia, lilipozaliwa katika siasa ya pwani hii.

Waingereza waliendelea na maliwali na maakida pwani, kisha mwishoni wakaleta mabaraza ya kuchaguliwa. Mwaka 1960 Dar es Salaam ikapata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi. Ndiye huyu mshairi wa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa ushairi amekishika. Kwa hiyo mji huu uliwahi kuongozwa na mtu mwenye diwani mbili, ya mashairi na ya baraza, na ninalipenda jambo hilo kuliko linavyohusu hoja yangu. Linaihusu pia, kwa sababu baada ya uhuru Amri Abedi aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Magharibi, kisha waziri, kabla ya kufariki mwaka 1964. Mtu yuleyule, kwa uadilifu uleule, alitoka katika kiti cha kuchaguliwa akaingia katika kiti cha kuteuliwa. Nchi nzima ilikuwa inapita njia hiyo.

Machifu wa bara waliondolewa mwaka 1963. Wakuu wa mikoa na wa wilaya walikuwa wameshawekwa mwaka 1962, wakiwa watu wa serikali na wa chama kwa pamoja. Mwaka 1972 ukaja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na hapa msomaji asome jina kwa makini. Kilichopelekwa mikoani ni maofisa wa serikali kuu na mafungu yao, na mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa yakafutwa. Ya mijini yakafuata muda mfupi baadaye. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikazirudisha zote, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly, alikiri kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Viongozi wachache wa zama zake walisema jambo zito hivyo kwa uwazi huo, tena wakiwa bado madarakani.

Kosa lenyewe, ninavyolisoma, lilikuwa katika kitenzi. Katiba yetu ya 1977 katika ibara ya 146 inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kupeleka. Maana yake madaraka yanakaa mahali pengine na yanatumwa kwetu kama kifurushi, na aliyetuma kifurushi anaweza kukiita kirudi. Yamerudi mara nyingi. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 zikaja manispaa tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, kisha Ubungo na Kigamboni zikaongezwa. Februari 2021 Rais John Magufuli alilivunja tena Jiji, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kila mara kulikuwa na sababu, na nyingine zilikuwa nzuri. Kura ya wakazi haikuwa sehemu ya uamuzi hata mara moja.

Mapato nayo yamekwenda na kurudi vivyo hivyo. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilitolewa mikononi mwa halmashauri ikapewa Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Barabara za mitaa zilihamia TARURA, wakala wa serikali kuu, mwaka 2017. Huenda ukusanyaji umekuwa rahisi na lami imeongezeka. Hilo nawaachia wahandisi na wahasibu. Lakini angalia kilichotokea kwenye uhusiano. Zamani mtu alipokwenda kulipa kodi ya nyumba dirishani alikuwa na sababu ya kumuuliza diwani imefanya nini. Sasa ananunua umeme usiku kwa simu, kodi inakatika humohumo, na hakuna dirisha wala mtu wa kuulizwa. Mbweni imefika mahali ambapo aliyechaguliwa hana fungu, na mwenye fungu hakuchaguliwa.

Lazima niseme pia habari ya Keenja, kwa kuwa inanisumbua. Tume yake ilikuwa ya kuteuliwa kuanzia juu hadi chini, na wakazi wengi wa jiji waliipenda. Taka zilizokuwa vilima zilizolewa, barabara zikazibwa mashimo, mapato yakapanda. Mwaka 2000 Keenja aligombea ubunge Ubungo, akachaguliwa. Yaani mtu aliyewekwa bila kura alikwenda kuitafuta kura kwa kazi yake, kama jumbe anayetoa karamu, na watu wakamvika kilemba. Anayetetea uteuzi ana hoja hapo, na ni hoja nzito kwa mtu anayekaa jirani na jalala. Jibu langu ni kwamba Keenja mwenyewe aliona umuhimu wa kwenda kuomba. Na kama kazi ingekuwa mbovu, miaka ile minne wakazi wasingekuwa na njia ya kumwondoa.

Tuvuke mpaka. Wakenya walilipata somo letu mapema na kwa uchungu zaidi. Mwaka 1963 walipata uhuru na katiba ya majimbo, ambayo chama cha KADU cha Ronald Ngala, mtu wa Pwani, kiliipigania kwa hofu ya makabila madogo kumezwa. Kufikia mwisho wa 1964 KADU ilikuwa imejivunja, majimbo yamekufa, na nchi ikarudi kwa wakuu wa mikoa wa kuteuliwa kama wa mkoloni. Neno "majimbo" likabaki na harufu mbaya kwa miaka mingi. Ndiyo maana mwaka 2010 walipoandika katiba mpya walitumia neno jingine, ugatuzi, na zaidi ya hapo wakauliza watu: Agosti 4, 2010, kama theluthi mbili ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Machi 2013 kaunti 47 zikachagua magavana wao.

Tofauti kubwa na kwetu iko katika mizizi ya fedha na ya kiti. Katiba yao inasema kaunti zitapata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Mwaka wa fedha 2021/22 mgawo huo ulifika shilingi za Kenya bilioni 370. Gavana anachaguliwa na watu wa kaunti, na rais hawezi kumfukuza kwa kutangaza jina lake kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Atakayemwondoa ni bunge la kaunti, kisha Seneti. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondoka hivyo Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo.

Lakini Nairobi hiyohiyo inatunyima raha ya kusifia. Februari 2020, Sonko akiwa amekabwa na kesi, alitia saini Ikulu kukabidhi kazi kubwa za kaunti kwa serikali kuu, na Rais Uhuru Kenyatta akaweka idara chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Ilikuwa Tume ya Keenja kwa jina jingine, miaka 24 baadaye, katika nchi yenye katiba bora. Kampala ilishapita hapo: sheria ya mwaka 2010 ilimweka mkurugenzi mtendaji wa kuteuliwa juu ya mji, Jennifer Musisi akashika kazi hiyo mwaka 2011, huku meya Erias Lukwago, aliyechaguliwa na wakazi, akibaki na joho na mkufu. Inaelekea makao makuu ya nchi yana tatizo lake. Mtawala wa nchi anaishi humo, na hapendi kuwa mpangaji katika mji wa mtu mwingine.

Kaunti inayonifundisha zaidi ni Makueni. Mwaka 2014 gavana wake, Profesa Kivutha Kibwana, na bunge la kaunti walifikia ugomvi mkali hadi risasi zikalia kwenye viwanja vya serikali. Wananchi wakachoka, wakakusanya saini kuomba kaunti yao ivunjwe, kwa njia ambayo katiba yenyewe imeiweka. Tume iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga ikasikiliza watu, ikapendekeza ivunjwe. Septemba 2015 Rais Kenyatta akakataa, akawaambia wamalizane wenyewe. Kumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi kuvunja jiji letu, halafu fikiria rais anayeombwa kuvunja na anakataa.

Kibwana alirudishwa kwa kura mwaka 2017, na kilichoifanya Makueni ijulikane kilikuwa chini kabisa, vijijini. Mikutano ya kuchagua miradi ilianzia kwenye kijiji ikapanda ngazi kwa ngazi hadi kaunti. Kila mradi ulikuwa na kamati ya wenyeji, na mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo isaini kwamba kazi imefanyika. Mama mwenye shamba la maembe akishika kalamu inayozuia malipo ya mkandarasi, huo ndio ugatuzi ninaoutamani. Magavana 47 wenye misafara ya magari sina wivu nao. Katika kaunti nyingi madaraka yameshuka kutoka Nairobi yakakwama kwenye lango la gavana, na "juu" ya mwananchi imesogea karibu kwa kilomita tu.

Zanzibar inanipa tahadhari ya aina nyingine. Kule mtu wa karibu kabisa na mwananchi ni sheha. Jina ni la kale. Masheha walikuwapo chini ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa kale wa Unguja, kabla mji wa mawe haujawa mji. Sheha wa leo huteuliwa na mkuu wa mkoa, ambaye naye huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Anakujua jina, anamjua mama yako, ndiye anayeandika kama wewe ni mkazi wa shehia au si mkazi, na katika visiwa ambako ukaazi huamua nani apige kura, kalamu hiyo ni nzito. Ukaribu anao, uwezo anao. Aliyempa si wewe. Hivyo jina la kale linaweza kudumu miaka mia mbili huku kilichomo ndani yake kikiwa kimegeuka kabisa, kama ilivyokuwa kwa jumbe wa pamba.

Mbali huko Uingereza waliifanyia kazi hoja ya kuulizwa kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1997 watu wa Wales waliulizwa kama wanataka bunge lao. Waliojitokeza walikuwa nusu tu, na waliosema ndiyo walikuwa asilimia 50.3. Ushindi mwembamba kama uzi, na wengi walitilia shaka uhalali wa bunge la namna hiyo. Mwaka 2011 wakaulizwa tena kama lipewe nguvu ya kutunga sheria. Asilimia 63 wakakubali. Kaskazini Mashariki mwa Uingereza waliulizwa mwaka 2004, zaidi ya robo tatu wakakataa, na serikali ikaacha. Sisi tulikuwa na nafasi yetu. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi, rasimu ikaandikwa, Bunge Maalumu likakaa mwaka 2014, na kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015. Iliahirishwa, na mpaka naandika haya hatujaulizwa.

Kwa hiyo natazama sanduku la kura la mtaa, lile tulilo nalo. Uchaguzi wa Novemba 27, 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, ambayo ni ofisi iliyo chini ya Rais, na chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya viti vya wenyeviti wa mitaa nchini. Mwaka 2019, vyama vikubwa vya upinzani vilipojitoa, ilikuwa zaidi ya 99. Wapinzani walilalamika wagombea wao kuenguliwa kwa makosa madogo ya fomu. Hata mtu wa chama tawala anayejiheshimu anajua kwamba mji wenye watu wa kila namna kama Dar es Salaam haukubaliani kwa asilimia 98 hata juu ya bei ya nyanya. Kuhusu wakurugenzi kusimamia uchaguzi mkuu, Mahakama Kuu katika kesi ya Bob Chacha Wangwe ilisema Mei 2019 kwamba inakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo Oktoba mwaka huohuo. Mwenyekiti wetu ni mtu mwema na kazi anaifanya kwa moyo. Anastahili uchaguzi ambao ushindi wake hauwezi kutiliwa shaka.

Ila hata angeshinda kwa uchaguzi safi kuliko wote, ukuta ungebaki. Ndipo nikagundua jambo ambalo nimelipita kwa miaka kila ninapokwenda Bagamoyo. Ukivuka Mto Mpiji kutoka Mbweni unaingia wilaya nyingine, na huko bado kuna vijiji. Kijiji kilichosajiliwa kinatambuliwa na sheria; halmashauri yake inaweza kushtaki na kushtakiwa. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi, ndio wenye kauli ya mwisho, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila mkutano huo kukubali. Mtaa hauna kitu hicho. Mtaa ni sehemu ya manispaa ya kukusanyia maoni, kutoa barua za utambulisho na kuhimiza usafi. Mkutano wetu wa chini ya mwembe, ukiamua kwa kauli moja, umeshauri tu. Eneo likikua, likapata umeme na lami, likaitwa mji, watu wake hupoteza nguvu ya kisheria ambayo jirani yao mvuvi wa ng'ambo ya mto bado anayo. Tumewaadhibu watu kwa kuendelea.

Nasikia wanaosema mjini watu ni wengi, ardhi ni ghali, mkutano wa mtaa utatekwa na wapiga kelele. Vijiji navyo vimetekwa mara kadhaa, na kuna wenyeviti waliouza ardhi wakiwa na mihuri ya mkutano ambao haukukaa. Bado naona ni afadhali. Mkutano uliotekwa unaweza kukombolewa na watu kujaa kwenye mkeka. Ofisi isiyo na mkeka huijazi kwa namna yoyote. Ningeanza na mambo machache: njia za miguu, fukwe, viwanja vya wazi, na sehemu ya kodi ya majengo irudi mtaani ikasomwe hadharani. Mkutano wa wakazi uwe na neno la mwisho katika hayo, kama ulivyo wa kijiji. Nina hakika hata mageti yangefunguka. Watu huja kwenye mkutano unaoamua.

Pale chini ya mwembe tulikuwa bado tumekaa. Mwenyekiti alimgeukia mtendaji amwandikie bibi jambo lake kwenye daftari, lipelekwe. Mtendaji, binti mdogo aliyesoma, akaandika, akafunga. Bibi hakuketi.

"Mwanangu, nisomee ulichoandika."

Binti akafungua tena, akasoma kwa sauti: mkazi mmoja alilalamikia kuzibwa kwa njia.

"Sikulalamika," bibi akasema. "Niliuliza. Andika swali, na chini yake uache nafasi ya jibu. Andika na tarehe."

Mtendaji akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Akafuta mstari ule, akaanza upya, na sisi sote tukasubiri mpaka amalize.